Beji ya Chama

Rubani Nyamizi aliichomoa beji ya chama cha wafanyakazi kifuani, akaiweka mbele ya katibu. "Najitoa."

"Unatukimbia, dada?" Katibu Mwakalobo aliuliza. "Saa zenu za kupumzika alizipigania nani?"

"Nyinyi, kaka. Zamani. Sasa nimesimamishwa kazi miezi tisa kwa kukataa kurusha ndege nikiwa nimechoka, na malalamiko yangu mmeyapeleka kwa kamati ya wapakuzi wa mizigo bandarini."

"Si wote mnabeba mizigo?" Katibu alijaribu kucheka.

Ngurumo ya ndege ilipita juu ya bati. Nyamizi aliinua macho, akaifuata kwa masikio mpaka ikapotea, vidole vyake vikipapasa vitundu viwili vilivyobaki kwenye sare.

Katibu aliisukuma beji taratibu kuelekea kwake. "Nipe wiki moja, dada."

Nyamizi alikuwa bado anatazama dari.