Maneno ya Kitandani

"Duvek," alisema mzee, naye mwuguzi akamgeuza ubavu wa pili.

Duvek ni inauma. Mwuguzi hakufundishwa na mtu lugha hii ya ugenini. Aliliokota mwenyewe pale kitandani, huku mgongo wake ukimlilia. Darasa angeenda saa ngapi? Kazi iliisha mzee akilala, na mzee huyu na usingizi walikuwa hawasalimiani.

Basi akaokota tu. Mzee akitaka maji, bresa. Akitaka mto uinuliwe, olmi. Akishiba, shalan, na mkono wake mmoja unasukuma kijiko. Ule mwingine ulikufa ganzi tangu alipougua.

Runinga haikumsaidia chochote. Watu wa mle walisema mbiombio kama wanaofukuzwa na mbwa. Alisikiliza mpaka kichwa kikamgonga, asiambulie hata bresa moja. Sokoni mambo yalikuwa yale yale. Afadhali mzee, alisema taratibu, Mungu ampe afya.

Mwenye nyumba, binti wa mzee, alikuwa mtu wa ishara: kidole hapa, kidole pale, kisha anakwenda zake kazini. Siku moja mwuguzi alijikaza, akampa glasi ya maji na kumwambia, "Bresa." Yule dada alimkodolea macho, akafunika mdomo, akakimbilia chumbani kwake. Mwuguzi aliona aibu, we acha tu! Matamshi yake hayo. Tangu hapo akawa anajinoa na mzee peke yake, na mzee hakuchoka kumjibu.

Mwana wa mwuguzi, aliyeachwa nyumbani kwao kwa mama mdogo, naye alishaanza kujifunza maneno hayo kwa mama yake kwenye simu.

"Mama, maji ni bresa, eti?"

"Ndiyo, mwanangu. Ukija huku usinitie aibu."

"Kwani nakuja lini? Kila siku unasema karibu."

"Nikifaulu mahojiano."

Alikuwa amechoka kulijibu swali hilo, amechoka mpaka kwenye mifupa. Idara ya wageni ilitaka mgeni ajibu maswali kwa lugha ya nchi. Akifaulu, anamleta mtoto. Akishindwa, kibali kinakwisha, afungashe virago.

Siku ilipofika, mwenye nyumba alimsindikiza kama mwajiri. Afisa alikaa mezani, na pembeni yake mkalimani, mtu wa kwao mwuguzi, aliyewekwa asaidie mambo yakikwama. Afisa aligusa jagi la maji, akauliza kitu.

"Bresa," alijibu mwuguzi, tena kwa sauti.

Afisa akaonyesha dirisha.

"Gurta."

Mwuguzi alipata moyo. Akaunganisha sentensi nzima: fungua dirisha, niinulie mto, maji yametosha. Hakukwama hata mara moja. Moyoni alishaanza kumfungia mwanawe begi.

Afisa aliweka kalamu chini, akamgeukia mkalimani. Mkalimani akainua mabega.

"Dada," alinong'ona, "lugha hiyo umeitoa wapi?"

"Si yao hii? Ndiyo anayosema mzee ninayemuuguza, baba yake huyu."

Mkalimani aliwatafsiria. Mwenye nyumba akasimama, akaanza kumweleza afisa, mkono kifuani, machozi yakimtiririka. Alisema kwa muda mrefu. Afisa alitikisa kichwa, akaifunga faili.

"Anasemaje?" mwuguzi aliuliza.

Mkalimani alimsogelea.

"Anasema baba yake alipigwa na kiharusi, na tangu siku hiyo hajatamka neno hata moja la lugha yoyote. Madaktari waliwaambia ni sauti tu zinamtoka, wasihangaike nazo." Akamtazama mwenye nyumba. "Anaomba, kabla hujarudishwa kwenu, umfundishe maneno ya baba yake."