Pini ya Mwisho

Mkurugenzi alishika pini ya mwisho juu ya ramani ya mkoa. Kumi na moja zilikwisha kuchomwa, kila moja mahali patakapojengwa makao ya wazee.

"Kata ya mashariki ina wazee mia mbili tisini na tisa," alisema. "Sharti ni mia tatu. Wamekosa mmoja tu, basi tena."

Ndiyo kata ninayoishi.

Karani wa kuhesabu wazee alipobisha kwangu, nilimjibu mlangoni, "Hapa hatuna mzee." Niliona haya. Majirani wangesema nataka kumtupa mama. Naye mama alikuwa nyuma yangu, akigonga mlango wa chumba nilichokuwa nimekifunga kwa kufuli, asije akapotea tena.

Pini ikaelekea magharibi.

"Bwana mipango, una neno?" mkurugenzi aliniuliza.

Mfukoni, vidole vyangu viligusa ufunguo. Ulikuwa na joto la paja langu.

"Mheshimiwa, kuna mmoja hakuhesabiwa."

"Eti nini? Nani alimficha?"

Nikautoa ufunguo, nikauweka juu ya ramani.