Kipimo cha Kioo

Afisa wa vileo alitumbukiza kipimo chake cha kioo ndani ya gongo ya Nyamizi. Kikaelea juu juu.

“Hafifu. Ingekuwa kali kingezama, nami ningekufunga. Umepona, mama.”

Nyamizi akashukuru, roho mkononi. Asubuhi aliijaribu kwa kiberiti, ikawaka buluu kijikoni, dalili ya ukali. Ndipo akaitia sukari tele, na sukari ndiyo iliyokibeba kipimo. Akilisema hilo, ni jela.

Afisa akajaza kikombe, akampa dereva wake. “Kunywa, mzee, togwa tu hii. Bado tuna mlima wa kushuka.”

Dereva akagugumia, akasifu utamu. “Niongezee, mama.”

Nyamizi akainua kata. Mkono wa pili, chini ya kanga, uliminya kiberiti mpaka kikabonyea.