Kivinjari cha Mke Mdogo

Kompyuta ya nyumbani ilikuwa moja na wake walikuwa wawili, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na kivinjari chake na hakugusa cha mwenzake. Siku moja fundi aliyekuja kuitengeneza akauliza kipi kiwe kikuu, kiwe kinafunguka chenyewe.

"Changu," alisema Bi Mize, mke mkubwa. Macho yake yalikuwa yamefifia hata gazeti lilimshinda kusoma, lakini hakumwambia mtu.

Fundi akavifungua vyote viwili. Katika cha mke mdogo, Tatu, gazeti lilitokea kwa herufi kubwa kama za bango. Bi Mize akasoma ukurasa mzima bila kukunja uso.

"We Tatu, umekuwa kipofu lini?"

"Mimi naona hata sisimizi wa jirani," Tatu alijibu kutoka jikoni. "Nilikuona unasoma pua imegusa kioo, nikakuwekea herufi kubwa kwenye changu, maana chako sigusi. Ningekwambia ungekataa. Nikangoja siku utakayochungulia."

"Mjanja wewe!" Bi Mize akacheka, akapangusa macho kwa upindo wa kanga. "Fundi, hicho cha mwenzangu ndicho kiwe kikuu. Tatu, ahsante. Njoo tusome."

Akajisogeza ukingoni mwa benchi alilokalia, kumpa nafasi. Tatu alitokea mlangoni, mikono imejaa unga, akaja kuketi kando yake.