Ubao Chini ya Zulia

Zulia la sakafu ya boti lilipobanduka, Somoe alitarajia kukuta plaiwudi iliyooza. Akakuta ubao wa mninga, mzima kabisa, wenye matundu ya kupitishia maji.

Boti lilikuwa kuukuu, la kuwaburura watalii kwa kamba wakiteleza juu ya maji. Kaka yake ndiye aliyeitengeneza sakafu mwaka jana, akajisifu mji mzima wa Masoko. Leo alitaka zulia jipya litandikwe juu ya lile la zamani, lakini uvundo ulimshinda Somoe.

Alifuta tope kwa kiganja. Pembeni mwa ubao zikatokea herufi za kijani: WAKFU.

Ubao wa msikiti wa kuoshea maiti ulipotea mwaka jana. Mama yao alipofariki mwezi uliopita, wanawake waling'oa mlango wa jikoni wakamwoshea juu yake. Mlango hauna matundu. Maji yalituama mgongoni mwa mama, na Somoe ndiye aliyekuwa akiyakausha kwa kanga yake. Huko nje, kaka alimlaani mwizi kwa sauti kubwa, mpaka watu wakamshika wamtulize.

"Wee, Somoe! Si nilikwambia usilibandue?"

Kaka alikuwa amesimama na zulia jipya begani. Macho yake yalishuka kwenye zile herufi, yakabaki hapo hapo.

Somoe hakuinuka. Patasi aliyobandulia zulia ilikuwa bado mkononi.

"Ubao mgumu huu, kaka," alisema. "Hebu panda, ulale chali. Nione kama unakutosha."