Kilima Katikati ya Shimo

Nakiri sikuona ni lini mfinyanzi Bi Mwanakheri alipokibandua kibao chenye jina lake. Macho yangu yalikuwa kwa mkurugenzi wa makumbusho, Bwana Shekuwe, aliyezungumza kama mtu aliyewahi kufika Mwezini.

Mbele yao ilikuwapo kazi ya mama huyo ya wiki tatu, udongo bado mbichi: shimo pana la Mwezini lililochimbwa na kimondo, na katikati yake kilima kidogo.

"Shimo lina kilima? Mama, hata panya hachimbi hivyo. Kikate, la sivyo kazi hii haionyeshwi hapa."

"Kimondo kikipiga, mwamba wa chini huinuka," alijibu kwa upole. "Hata pichani kipo."

"Picha nilianza kuziona kabla yako."

Bi Mwanakheri alimtazama kama utazamwavyo uji ulioungua, akamkabidhi kisu.

"Basi kikate mwenyewe, bwana mkubwa. Na jina liandikwe lako."

Mkurugenzi alifurahi mno. Akakikata, akapalainisha kwa kiganja.

Tangu hapo watoto wa shule huja na vitabu vyao vyenye picha za Mwezi, hulitazama shimo tupu, kisha husoma jina la Bwana Shekuwe kwa sauti.