Makofi ya Ukurasa wa Tatu

“Makofi weka kwenye mabano,” karani wa mipango miji alisema, akalamba kidole gumba na kufunua karatasi nyingine.

Mpiga chapa akaandika: (Makofi). Mate ya karani yaling’aa kwenye ncha ya karatasi. Alikuwa amevuta kiti mpaka goti lake linagusa meza, marashi yake yamejaa duka zima, na chini ya marashi, jasho la jana.

“Tulifika wapi kwenye muhtasari wa mkutano, dada?”

“Fundi viatu kasimama.”

“Eeh. ‘Fundi viatu, kwa niaba ya wafanyabiashara wadogo, aliishukuru halmashauri kwa kuugeuza mtaa kutoka makazi kuwa eneo la maghala.’”

Vidole vya mpiga chapa viligoma. Nje, kwenye baraza ya duka hilohilo, nyundo ilikuwa ikigonga ko, ko, ko. Fundi viatu mwenyewe alikuwa hatua nne kutoka hapo, misumari mdomoni.

“Fundi wetu huyu? Ashukuru?”

“Kashukuru sana. Ongeza ‘kwa moyo wake wote’.”

Hakuna mtaani asiyejua maana ya maghala. Kwenye ramani mpya mtaa ulikuwa umepakwa zambarau, na penye zambarau hapalali mtu: paa likivuja huruhusiwi kubadilisha hata bati moja, na baada ya miaka miwili unahama. Duka hili lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama mkwe. Vyumba vya nyuma vilijaa pomoni: mawifi wawili, watoto saba, wapangaji, na mgeni mmoja aliyekuja msibani mwaka juzi akasahau kuondoka. Wote hao wangebebana kwenda wapi?

“Sasa machozi,” karani alisema. “Mwanamke mzee hivi. ‘Bibi wa nyumba ya kona alilia kwa furaha.’”

“Huyo ni mkwe wangu. Mwaka wa pili huu hajainuka kitandani.”

Nyuma ya ukuta kikohozi kikaitikia, kama shahidi aliyeitwa.

Karani alijikuna shingo, akazitazama kucha zake. “Basi aliwakilishwa. Machozi yabaki.”

Akafunua tena, ulimi kwanza. Hapo ndipo mpiga chapa alipouona upande wa pili wa ile karatasi. Mwandiko wa karani ulikuwa mgongoni. Usoni kulikuwa na chapa aliyoijua, maana ilikuwa yake mwenyewe. Fomu ya maoni. Mwezi mzima uliopita aliwapigia majirani fomu mia moja na nne, bure, duka limefurika mpaka mlangoni, huyu anamsahihisha yule, yule anamcheka huyu. Wakaenda wenyewe kuzitumbukiza kwenye sanduku la maoni. Hii ilikuwa na doa la gundi ya viatu. NAPINGA. Nimezaliwa hapa.

Akaiondoa mikono kwenye mashine.

“Hizi si ndizo fomu zetu?”

“Karatasi ni karatasi, dada. Upande mmoja ulikuwa mtupu.” Akacheka peke yake, meno yote nje.

Mkokoteni ulipita mlangoni umebeba viti vya plastiki vya kukodi, ukielekea ukumbini. Karani akausindikiza kwa macho, akaanza kuharakisha.

“Anatakiwa mbishi mmoja. Muhtasari usio na mbishi hauaminiki. Nikuweke wewe?”

“Nilisema nini?”

“Ulipinga, ukaelimishwa, ukaridhika.”

“Nilichukua muda gani kuridhika?”

“Dakika tatu.”

Mpiga chapa akaandika kuridhika kwake, herufi kwa herufi, kama mtu anayezoa matapishi ya mlevi asiyemjua.

“Funga sasa: ‘Hakukuwa na hoja nyingine. Mkutano ulifungwa saa sita na nusu.’”

Mpiga chapa aliitazama saa ya ukutani, akamtazama karani, akaandika.

“Nakala kumi tu. Na huo mdomo wako naujua. Habari ikipita dukani kwako, mpaka majogoo wanaiwika.”

“Mimi? Mimi bubu, kaka.”

Karani alikusanya nakala zake zingali na joto, akamwachia harufu ya marashi yake, akaondoka. Mpiga chapa alichukua kitambaa na spiriti akasugua meza, akasugua kiti, akasugua pale goti lilipogusa, kisha akasugua tena. Nyuma yake mashine haikunyamaza. Aliombwa nakala kumi. Yeye sasa alikuwa amebonyeza mia moja na nne.

“Fundi! Tema misumari uje usome uliyoyasema.”

Fundi viatu aliingia na kiatu cha mtu mkononi. Akasoma pole pole, kidole kikitembea chini ya mistari. Alipofika penye ‘kwa moyo wake wote’ alirudi mlangoni, akatema mate mbali, akarudi kusoma.

“Nani mwingine kasema?”

“Mtaa mzima.”

“Mkweo naye?”

“Kalia kwa furaha.”

Fundi alikiweka kiatu juu ya meza iliyokwisha kusuguliwa. “Basi mtaa mzima ukasome. Nipe hilo rundo, shemeji. Nyumba za kushoto zangu, za kulia zako.”

Saa nne kamili asubuhi hiyohiyo, ukumbini, mwenyekiti alisimama, akakohoa, akawakaribisha wananchi waje watoe maoni yao kwa uhuru kabla ya uamuzi wowote. Mstari wa mbele, fundi viatu alikuwa ameikunja nakala yake pale ukurasa wa tatu, kidole kwenye mstari, akisubiri zamu yake ya kushukuru.